Maisha ya Mama Hidaya, Aliyepika Bila Kuonja

Alizaliwa Kalemie mwaka wa 1961, mji ukiwa bado unaitwa Albertville, katika nyumba ya Waislamu wa upande wa Kataki, akapewa jina la Hidaya. Baba yake, mzee Souleymane, alikuwa mtu wa chumvi, kama babu yake alivyokuwa. Walivusha chumvi ya Uvinza kutoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa, wakawauzia wavuvi wa ndakala, dagaa wa kwetu, na wachuuzi waliopanda treni ya Kabalo. Watu wa zamani wanasema mtoto wa nyumba ile aliweza kuitazama chumvi tu, bila kuigusa, akakuambia kama ni ya mwaka huu au imelala tangu mwaka jana. Nayasema haya mapema kwa sababu chumvi itarudi katika habari hii, na itakaporudi sitaki mtu aniulize imetoka wapi.

Wakristu wa parokia yetu wamezoea kunisikia, mimi katekista wao, nikiwasomea maisha ya watakatifu wa kalenda. Nimewasomea wafiadini wa Roma, mabikira wa Ulaya na wakaaji wa jangwani, na nimewaona wakipiga miayo. Huyu hayumo katika kalenda wala hatawekwa, na mwenyewe angecheka akisikia. Alizaliwa Mwislamu, akasali kama Mwislamu, akazikwa kama Mwislamu. Simwiti mtakatifu, maana kazi hiyo si yangu. Lakini mashirika ya parokia yamenisumbua muda mrefu niandike habari zake, na mimi ni mzee, nimechoka, na sina hakika nani ataziandika nikiziacha. Basi nasimulia, na anayetaka kunisahihisha anajua nyumba yangu iko wapi.

Alipofikia umri wa shule, baba yake alimpeleka kwa masista, kwa kuwa siku zile hapakuwa na shule nyingine ya wasichana ambayo mzee yule aliiamini. Masista walimpokea vizuri, nisiwasingizie. Walimfundisha kusoma, kuhesabu na kushona. Lakini kila saa ya dini ilipofika, mwalimu alimwambia Hidaya achukue kibao chake akakae barazani mpaka somo liishe. Halikuwa jambo la ukali. Walidhani kwa kufanya hivyo wanamheshimu baba yake. Akakaa barazani miaka yote ya shule ya msingi, mvua ya masika ikimrukia miguuni, akisikiliza kupitia dirishani. Ndivyo msichana huyu alivyoijua katekisimu kuliko wengi wetu tuliokaa ndani tukisinzia. Siku moja, sote tukiwa watu wazima, nilimuuliza kama mambo yale yalimuuma. Akanijibu, akiniita Papa kama wanaume wazima wote wanavyoitwa huku: «Kusikia mambo yenu hakukuniuma, Papa. Kuyasikia nikiwa inje, njo kuliniuma.» Naamini mwito wake ulianza pale barazani, maana kila alichokifanya baadaye kilikuwa ni kumwingiza mtoto aliyeachwa nje.

Akasomea ualimu, akaolewa na fundi wa reli. Mungu hakuwajalia mtoto, na mume akafariki mapema. Vita vya mwaka wa 1996 vikaja, na vya 1998, na kila mara shule zilipofungwa yeye aliwafundisha watoto wa mtaa uani kwake. Mwishowe jumuiya ya Waislamu ikamkabidhi shule yake ya msingi, ile iliyo upande wa barabara ya Katanika, inayopokea watoto wa dini zote. Hapo aliweka amri mbili zilizomtesa mpaka kufa kwake. Ya kwanza: saa ya dini, hakuna mtoto anayetolewa nje. Wakifundishwa Waislamu, Wakristu wanakaa kama wageni, na wakifundishwa Wakristu ni hivyohivyo. Mgeni haulizwi maswali, anasikiliza tu, na akisikia usingizi alale. Ya pili: kwenye benchi moja wasikae watoto wa sala moja peke yao. Wenzake hawakumpenda kwa hayo. Kaka yake, Shehe Ramazani, mtu wa msikitini, alimuuliza kama shule ni ya Waislamu au ni soko. Papa André, mvuvi wa ukoo wa zamani wa pwani ya ziwa, mwenyekiti wa kamati ya wazazi na Mkristu wa misa ya kwanza, alimuuliza swali hilohilo kwa upande wake. Aliwajibu wote wawili kwamba hata sokoni watu wanasalimiana.

Mwaka wa 2017 watu wa Manono walikimbia mapigano, wakafika Katanika na kile walichoweza kubeba kichwani, wakapiga kambi huko. Kati yao alikuwepo Mama Pascasie, mkulima wa Kiambi huko Manono, mkatoliki mwenzetu, pamoja na binti yake Bijou, aliyekuwa na umri wa miaka tisa hivi. Shule zilizokuwa karibu zilisema zimejaa, na baadhi zilikuwa zimejaa kweli. Mama Hidaya aliwapokea watoto wa Katanika wote waliofika mlangoni. Kisha akafikiri mahali pa kuwakalisha, na ndipo akafanya kosa lake kubwa.

Aliona kwamba watoto wale wanakuja bila kula. Aliona pia kwamba watoto wa wafanyabiashara, ambao wengi wao ni Waislamu, wanakuja na mikate, vitumbua na samaki wa kukaanga wa kuwatosha wawili. Basi bila kutangaza lolote, alimkalisha kila mtoto wa Katanika kando ya mtoto mwenye kifurushi. Bijou alikaa na Djamila, binti wa muuza vitenge. Hapa kwetu watoto wa benchi moja wanagawana, hilo halihitaji amri. Saa ya mapumziko ilipofika, Djamila alivunja mkate, na Bijou akala kama mtu aliyealikwa, si kama ombaomba. Mwaka ule wa shule karibu wote ulienda hivyo, na watoto wa Katanika wakaanza kunenepa mashavu. Mama Hidaya alifurahi, akadhani amelimaliza jambo.

Halafu Ramadhani ikaingia. Djamila na wenzake walikuwa wamefikia umri wa kujizoeza kufunga, wakaacha kuja na vifurushi. Yule mama, aliyefunga kila Ramadhani tangu utotoni, ambaye ndiye aliyewapanga wenye njaa kando ya Waislamu, hakuukumbuka mwezi. Sijui nicheke au nilie. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wanasema, lakini hata mfungaji anaweza asimjue, kwa kuwa mfungaji anajua jioni atakula. Na watoto wa Katanika hawakusema neno. Kule Kiambi mtoto analelewa asimwombe chakula mtu aliyefunga, wala asilalamike njaa mbele yake. Ni aibu kwa nyumba nzima. Basi wakakaa kimya kwa heshima, wakarudi nyumbani kimya, wakaja tena. Juma la tatu, asubuhi, wakati wa kupandisha bendera, Bijou alianguka kwenye mstari, akapasuka paji la uso juu ya jiwe.

Habari ilifika mjini kabla hata damu haijafutwa, na ilifika imevaa nguo nyingine: shule ya Waislamu inawafungisha watoto wa Wakristu kwa nguvu. Wazazi wakajaa uwanjani. Papa André alikuja na magamba ya samaki yakiwa bado mikononi, akasema mbele ya watu wote: «Mama Hidaya, tumekuheshimu sana. Sasa utuambie, nani alimukataza huyu mutoto kula?»

Alikuwa na majibu mengi ya kweli. Angeweza kusema hakuna aliyemkataza, akaishia hapo. Angeweza kusema mtoto alijinyamazia mwenyewe, na mimi, niliyekuwepo pale, ningeapa kuwa ndivyo. Alisema: «Hakuna aliyemukataza. Lakini mimi njo nilimuweka pale penye hakuna chakula. Kosa ni langu.»

Watu husikia mwisho wa sentensi tu. Wakasikia kosa ni lake. Kamati ikaamua kwamba baada ya Idi wazazi wote wakutane waigawe shule: Wakristu waondoke na watoto wao, Waislamu wabaki na wao. Shehe Ramazani naye hakupinga, alisema labda ndivyo Mungu alivyotaka tangu mwanzo. Wakristu wa mjini walikuwa na pa kwenda. Watoto wa Katanika hawakuwa na pa kwenda, na kila mtu uwanjani alilijua hilo, akatazama pembeni.

Mchana wa siku ileile Mama Hidaya alikwenda Katanika kwa miguu, naye amefunga, jua likiwaka. Nilimsindikiza kwa kuwa nilimfahamu Mama Pascasie kanisani. Alimkuta akitwanga majani ya muhogo mbele ya kibanda cha turubai, Bijou amelala ndani, kichwa kimefungwa kitambaa. Mama Hidaya akakaa chini kwenye vumbi. Mama Pascasie hakuacha kutwanga.

«Mama, nimekuja kuomba musamaha,» Hidaya akasema.

«Musamaha nimesikia,» akajibu Pascasie. «Watu wa mashirika ya misaada wanakuja hapa kila juma, wote wanaomba musamaha. Chakula iko wapi?»

Hidaya akasema: «Kesho kutakuwa na chakula.»

«Tutaona,» Pascasie akasema, na mazungumzo yakaishia hapo. Njiani kurudi Mama Hidaya alitembea polepole, na nilimwona kwa mara ya kwanza kuwa amezeeka.

Kesho yake alibeba sufuria kubwa ya harusi kutoka nyumbani kwake, akaiweka juu ya mafiga nyuma ya darasa la kwanza, akapika mahindi na maharagi. Alipika kwa mkono wake mwenyewe, amefunga, moshi ukimwingia machoni. Binti wa watu wa chumvi akatia chumvi kwa kukisia, maana hakuonja. Watoto walikula wakanywa maji, wakala tena wakanywa maji, na mchana mzima ikawa ni ruhusa ya kwenda chooni. Shehe Ramazani, aliyesikia aibu ya ukoo wao, alikuja kumweleza dada yake jambo ambalo dada alilijua kabla yake: kwamba mpishi aliyefunga anaruhusiwa kuweka chakula kwenye ncha ya ulimi kisha akakitema, na saumu yake haiharibiki. Nilikuwa naosha sahani pale karibu. Mama Hidaya akamwambia: «Najua inaruhusiwa, kaka. Lakini mimi nikionja, Mama Pascasie atakuwa na sababu gani ya kukuja?»

Shehe alimtazama kama mtu aliyesikia lugha ya mbali. Siku ya pili chumvi ikazidi tena. Na siku ya tatu, Mama Pascasie akatokea, miguu imejaa vumbi la barabara, uso umekunjamana kwa hasira. Bijou alikuwa amerudi darasani, na nyumbani aliomba maji kama samaki. Mama Pascasie hakusalimu. Alimnyang'anya Mama Hidaya mwiko, akachota, akapuliza, akaonja. Akasema: «Chumvi imepita. Munataka kuniulia mutoto mara ya pili? Leta maji.»

Maji yakaletwa. Hilo ndilo neno lililoiokoa shule, nami sitatafuta neno zuri zaidi. Kuanzia siku ile, Mwislamu alipika asionje, na Mkristu alionja asipike. Mama Pascasie alikuja kila siku ya shule hadi mwisho wa mwezi. Mwanzoni alionja akaondoka. Baadaye akawa anaketi. Juma la mwisho niliwasikia wakibishana kama majani ya muhogo ya Kiambi yanashinda ya huku ziwani, na hawakupatana, wala hawakupatana mpaka mmoja wao alipofariki.

Idi ikapita, na wazazi wakakutana kama walivyoahidi. Watu walisema mengi, maana penye wengi pana mengi. Papa André alisimama kuomba watu wapige kura ya kugawana. Ndipo Mama Pascasie akainuka nyuma kabisa, na wengi hawakumjua. Akasema: «Mimi njo mama ya ule mutoto aliyeanguka. Nilikasirika kuliko ninyi wote. Ile sufuria niliionja kila siku, naijua. Ninyi munaosema juu yake, nani kati yenu ameionja?»

Papa André alibaki amesimama muda mrefu, halafu akaketi. Kura haikupigwa. Nisidanganye, hawakukumbatiana. Familia kadhaa za Wakristu ziliondoka hata hivyo, na za Waislamu pia, na wengine waliobaki walinung'unika miaka mingi. Lakini shule haikugawanywa, na hakuna mtoto wa Katanika aliyerudishwa nje. Tangu mwaka ule sufuria ikawekwa kila Ramadhani, na baadaye miezi mingine pia kila mavuno yalipokuwa mazuri. Papa André alileta ndakala. Hakusema ni za nini, alimwaga tu kwenye beseni akaenda zake.

Miaka ya mwisho ya Mama Hidaya ilikuwa ya uchovu, na sitaipamba. Maisha ya watakatifu yana desturi ya kuonyesha nyuso zinazong'aa. Uso wake ulikuwa umevimba, miguu pia. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka wa 2024 na watu wengi wa mitaa ya chini kupoteza nyumba, watoto wengine wakaja mlangoni, na akaanza upya kupanga mabenchi. Nilimkuta siku moja ofisini kwake amelala kwenye kiti, miwani imening'inia. Nikamwambia apumzike, awaachie vijana. Akafungua jicho moja. «Nimechoka, Papa. Tena nimechoka na watu, si kazi. Kila mwaka mutu mupya anakuja kuniuliza kwa nini nawachanganya. Kila mwaka najibu kama vile bado hajaniuliza mutu.» Kisha akaongeza: «Lakini kujibu hakuui.» Halafu akalala tena.

Alifariki mwezi wa Novemba mwaka wa 2025, asubuhi, akijiandaa kwenda shule. Alizikwa alasiri ileile kama dini yake inavyoagiza, na hilo lilitusumbua sisi Wakristu, tuliozoea kukesha na kuimba siku kadhaa kabla ya kumwachia mtu wetu. Mama Pascasie alifika makaburini wameshamaliza. Akalia kwa sauti, akimlaumu marehemu kwamba ameondoka bila kumuaga, na Shehe Ramazani, ambaye kwa kawaida angewakataza wanawake kupiga yowe, alimwacha alie mpaka akatosheka.

Juu ya miujiza, nimeulizwa mara nyingi. Wanasema sufuria ile haikuisha hata siku moja, hata watoto walipokuwa wengi mara mbili. Nilikuwepo. Ilikuwa ikiisha, na wa mwisho walikwangua chini, na kuna siku walipata kidogo sana. Wanasema pia kovu la Bijou lilifutika siku ya mazishi. Lipo, nimeliona Jumapili iliyopita, na msichana mwenyewe hajali. Muujiza ninaoujua mimi ni mmoja: mwanamke mwenye haki alikubali kosa ambalo angeweza kulikana, kisha akajinyima kuonja ili aliyemkasirikia apate kazi ya kufanya shuleni kwake. Atakayetaka kumwiga asianze na kufunga wala kupika. Aanze kwa kutafuta ni jambo gani analoliweza peke yake, kisha aache nafasi mtu mwingine aje kulikamilisha.

Mwaka huu wa 2026, hapa kwetu, Ramadhani na Kwaresima zimeanza pamoja. Jumatano ya Majivu nilitoka misa nikapita shuleni kuona kama kuna sufuria, kwa kuwa Mama Hidaya hakuwepo tena wa kuiweka. Ilikuwepo juu ya mafiga. Djamila, ambaye sasa ni msichana mkubwa, alikuwa akikoroga, amefunga. Mama Pascasie alikuwa amesimama kando na mwiko mkononi, majivu yako kwenye paji lake, naye amefunga. Bijou alikuwa akipanga sahani, majivu juu ya kovu lake, amefunga. Watoto walikuwa wamekwisha kutoka darasani, wamekaa chini mistari mistari, wanangoja, na wale watatu wanatazamana.

Mama Pascasie akaniona kwenye kona ya ukuta. Anajua umri wangu, na anajua Kanisa haliwafungishi wazee wa miaka yangu. Akanyoosha mwiko.

«Papa katekista, weye haufunge. Kuja uonje.»

Miaka yote ile niliosha sahani pale, nikasindikiza, nikasikiliza, nikaweka akilini niandike. Sikuwahi kuonja. Nikachota, nikapuliza, nikaweka mdomoni. Watoto wakanitazama.

«Imepunguka kidogo,» nikasema.

Djamila akaongeza chumvi.